Sataranji: Je, yuko binadamu wa kuishinda mashine?

Vijana wetu wanapokaa na simu zao wakicheza sataranji, swali moja halikosi kuzuka baina yao: je, bingwa wa dunia anaweza leo kuishinda kompyuta? Wazazi nao, wanaposikia mjadala huo, huwa na swali la kwao: ikiwa mashine imekwisha kumshinda mwanadamu katika mchezo wa akili, mtoto ahimizwe kufikiri kwa faida gani? Juma hili tumeona tuyajibu maswali hayo kwa pamoja, kwani la kwanza jibu lake ni jepesi, na la pili ndilo linaloigusa kila nyumba.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Katika mchezo wa kawaida, wenye muda wa kutosha na kete zilizo sawa kwa pande zote mbili, hayupo leo binadamu anayetarajiwa kuifunga programu bora ya sataranji. Sare moja moja huweza kupatikana, lakini ushindi umekuwa habari ya zamani. Wala programu hizo hazihitaji tena mtambo wa kujaza chumba. Simu ya mkononi inatosha. Hata hivyo, safari iliyotufikisha hapa ina mazingatio mengi, na ni vyema kuielewa kabla ya kutoa hukumu.

Mchezo uliopita mikononi mwa Waislamu

Sataranji si mchezo mgeni katika umma wetu. Ulitoka Bara Hindi ukaingia Uajemi, na baada ya nchi hiyo kufunguliwa na Waislamu katika karne ya 7, ukaenea Baghdad, Misri, Maghrib na Andalusia, na kwa njia hizo Ulaya ikaupokea. Jina letu la sataranji ni lile la Waarabu, shatranji. Kete ambayo Waingereza huiita askofu, Waarabu waliiita al-fil, yaani tembo, na Wahispania mpaka leo huiita alfil. Hata tamko la kumaliza mchezo linalotumika duniani kote lina asili katika maneno "shah mat", kwa maana ya kwamba mfalme hana tena pa kwenda.

Katika karne ya 9 al-Adli aliandika kitabu juu ya mchezo huu, na katika karne ya 10 akatokea Abu Bakr as-Suli, mwanafasihi wa Baghdad aliyecheza mbele ya makhalifa. Fumbo moja la sataranji alilolitunga linasifika kuwa lilikaa takriban miaka elfu moja bila ya mtu kulifumbua. Imepokewa pia kwamba tabiina mashuhuri, Said bin Jubair, alikuwa akicheza huku ameupa ubao mgongo, akiziona kete zote kwa jicho la moyo tu. Kwa karne nyingi, basi, mchezo huu ulihesabiwa kuwa kipimo cha akili ya mtu, na ndiyo maana waundaji wa mashine walitamani kuujaribu.

Mashine ya uongo, na mashine ya kweli

Mwaka 1770, mjini Vienna, mtu aitwaye Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanduku kubwa lenye sanamu ya mtu aliyevaa kilemba na joho. Sanamu ile iliitwa "Mturuki", na ilikuwa ikizisogeza kete kwa mkono wake na kuwashinda wengi. Mwaka 1809 hata Napoleon alicheza nayo. Watu walistaajabu, kumbe ndani ya sanduku alijificha mchezaji hodari aliyekuwa akiiendesha. Sanduku hilo liliteketea kwa moto mwaka 1854 katika mji wa Philadelphia, Marekani.

Katika mji huohuo wa Philadelphia, miaka 142 baadaye, ilikuja mashine isiyo na mtu ndani. Februari 1996, Garry Kasparov, bingwa wa dunia kutoka Urusi, alikutana na kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue. Mchezo wa kwanza alishindwa, jambo ambalo halikuwahi kumpata bingwa wa dunia mbele ya kompyuta katika mchezo wa muda kamili. Lakini alijikusanya, akaisoma mashine, na mwisho wa michezo sita akaibuka mshindi kwa pointi 4 kwa 2.

Mwaka uliofuata, Mei 1997, walirudiana mjini New York. Deep Blue ilikuwa imeongezwa nguvu, ikiweza kupima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Kasparov alishinda mchezo wa kwanza. Katika mchezo wa pili alibanwa, akakata tamaa na kukubali kushindwa. Siku hiyo ina funzo kubwa, kwani wachambuzi walipoipitia hali ya ubao baadaye walibaini kuwa palikuwa na njia ya kupata sare. Bingwa hakuiona kwa sababu alikwisha kuamini kwamba mashine imeona kila kitu. Michezo mitatu iliyofuata ilikwenda sare, na wa sita ukamalizika kwa hatua 19 tu, Kasparov akiwa amefungwa. Matokeo yalikuwa pointi 3.5 kwa 2.5. Kasparov aliomba marudiano. IBM haikukubali, na mashine ile ikastaafishwa.

Miaka ya mwisho ya mapambano

Wengi hudhani kuwa mambo yaliishia hapo. La, binadamu alipigana miaka kadhaa zaidi, na sehemu ya vita hivyo iliwagusa Waislamu wa Ghuba. Oktoba 2002, mjini Manama, Bahrain, Vladimir Kramnik, aliyekuwa amemvua Kasparov ubingwa, alicheza michezo minane na programu iitwayo Deep Fritz. Baada ya michezo minne alikuwa mbele kwa pointi 3 kwa 1. Kisha akapoteza wa tano na wa sita, na mwisho wakagawana, 4 kwa 4.

Abu Dhabi nayo ilikuwa makao ya mradi wa mashine iliyoitwa Hydra. Juni 2005 mashine hiyo ilipambana mjini London na Michael Adams, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wachezaji kumi bora duniani. Katika michezo sita, Adams aliambulia sare moja tu. Mitano yote alifungwa. Novemba ya mwaka huohuo, mjini Bilbao, Hispania, watu watatu waliowahi kushika ubingwa wa dunia wa shirikisho la kimataifa, FIDE, walikutana na programu tatu. Mashine zilishinda kwa pointi 8 kwa 4. Lakini katika michezo hiyo Ruslan Ponomariov wa Ukraine aliifunga Fritz, tarehe 21 Novemba 2005. Ushindi huo hutajwa kuwa ndio wa mwisho unaojulikana wa binadamu dhidi ya programu ya daraja la juu katika masharti ya kawaida ya mashindano.

Mwaka 2006 mjini Bonn, Ujerumani, Kramnik alirudi kupambana na Deep Fritz akiwa bingwa wa dunia. Katika mchezo wa pili, akiwa katika hali isiyo na hatari kubwa, alisogeza kete na kumwachia mpinzani nafasi ya kummaliza kwa hatua moja. Mashine haikusita. Mwisho wa michezo sita ilishinda kwa pointi 4 kwa 2, na tangu hapo hamu ya kuandaa mapambano ya namna hiyo ilififia. Mwaka 2009 programu iliyokuwa ndani ya simu ya mkononi ilishinda mashindano ya Buenos Aires, Argentina, kwa kupata pointi 9.5 kati ya 10.

Mwaka 2016 ilijaribiwa njia nyingine. Programu iitwayo Komodo ilicheza michezo minne na Hikaru Nakamura, Mmarekani aliye miongoni mwa vigogo wa dunia, na kila mara mashine ilianza na upungufu, kama ajitoleavyo mkubwa anapocheza na mdogo. Mitatu ilikwenda sare na mmoja Komodo ikashinda. Kwa hiyo hata pale ilipompa mtu nafasi ya mbele, mtu hakutoka na ushindi.

Kwa nini haishikiki?

Siri ya kwanza ni hesabu. Mchezo unapoanza, mwenye kete nyeupe ana njia 20 za kusogeza, na mwenye nyeusi ana njia 20 za kujibu, kwa hiyo baada ya hatua moja ya kila upande njia zimekwisha kufika 400. Kila mmoja akisogeza mara ya pili, zinakuwa 197,281. Bingwa wa kibinadamu hawezi kuzipitia zote. Yeye hutegemea uzoefu wake kuchagua njia mbili tatu na kuzifuata kwa kina. Mashine hupitia mamilioni, ikizitupa zisizo na faida na kuendelea na zilizobaki.

Siri ya pili ni ya miaka ya karibuni. Mwaka 2017 programu ya AlphaZero, iliyoundwa na kampuni ya DeepMind, ilipewa kanuni za mchezo tu, ikajifundisha kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Baada ya saa chache za mafunzo hayo ilikuwa imekwisha kuipita Stockfish, mojawapo ya programu kali kuliko zote wakati ule. Na walipochezeshwa michezo 100, ilishinda 28, na 72 ikawa sare. Stockfish nayo mwaka 2020 ikachukua mbinu ya kujifunza kwa mifano, na leo inapatikana bure kwa yeyote mwenye simu.

Siri ya tatu ndiyo inayomhusu mwanadamu zaidi. Mashine haichoki, haina njaa, haiogopi jina la mpinzani wala haijutii kosa la jana. Kramnik wa Bonn hakukosa elimu. Alipitiwa tu, kama mja yeyote anavyopitiwa. Kiwango cha juu kabisa kuwahi kufikiwa na binadamu katika hesabu za FIDE ni 2882, alichokifikia Magnus Carlsen wa Norway mwezi Mei 2014. Programu bora, katika orodha zao wenyewe, zimepita 3500. Orodha hizo hazipimwi kwa mizani moja, lakini hakuna anayebisha juu ya nani aliye juu.

Je, utukufu wa mwanadamu umepungua?

Yupo atakayesikitika kwa habari hizi. Sisi tunaona hapana sababu. Pikipiki imekuwa ikimpita mwanariadha kwa zaidi ya miaka mia, wala hatujaacha kukimbia, wala mbio hazijakosa watazamaji. Sataranji vilevile haikufa mwaka 1997; mamilioni ya watu wanaucheza mchezo huu leo, na ubingwa wa dunia bado unashindaniwa baina ya watu kwa watu.

Tena tukumbuke nani aliyeshinda New York. Deep Blue haikujizaa. Ilibuniwa na wahandisi akina Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joseph Hoane, waliokesha miaka mingi juu ya kazi hiyo. Usiku ule walifurahi wao, si mashine. Mashine haikujua kama imeshinda, kwa kuwa haina nia, haina subira ya kulipwa wala kosa la kuombewa msamaha. Qur'an Tukufu, katika Sura al-Israa aya ya 70, inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu (SW) amewatukuza wanadamu, na utukufu huo haukufungwa na wepesi wa kuhesabu. Lau ungefungwa na hesabu, mtoto mchanga na mzee aliyepoteza kumbukumbu wasingekuwa na heshima mbele yetu.

Linalopaswa kutushughulisha ni jambo jingine: uaminifu.

Mturuki aliyegeuzwa

Zama za Kempelen, mtu alijificha ndani ya mashine ili mashine isifiwe. Leo mashine hufichwa mfukoni mwa mtu ili mtu asifiwe. Aprili 2015, katika mashindano ya wazi ya Dubai, mchezaji mmoja aliyekuwa bingwa wa taifa lake alitiliwa shaka na mpinzani kwa jinsi alivyokwenda chooni mara kwa mara. Waamuzi walipokagua walikuta simu imefichwa humo, na ndani yake mchezo uliokuwa ukiendelea ubaoni ukichambuliwa na programu. Alifungiwa miaka mitatu na kuvuliwa cheo cha gwiji. Julai 2019, mjini Strasbourg, Ufaransa, gwiji mwingine mwenye umri wa miaka 58 alinaswa kwa mtindo huohuo. Yeye alifungiwa miaka sita, na cheo chake nacho kikafutwa. Majina yao yanajulikana duniani, wala hatuna haja ya kuyarudia hapa.

Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu iliyowagharimu umri mzima, wakaiuza kwa sifa ya siku chache. Na baya zaidi ni kwamba hatua walizozicheza kwa haki miaka yote iliyotangulia nazo ziliingia katika shaka. Ndivyo ilivyo amana: ikivunjika, haivunjiki kipande kimoja.

Wazazi, hilo si la wachezaji wa sataranji peke yao. Mtoto anayeandikiwa insha na programu kisha akaipeleka kwa mwalimu kwa jina lake, anafanya lile lililofanyika Dubai, ijapokuwa hakuna mwamuzi wa kumkagua. Mtume (SAW) aliitwa al-Amin kabla ya kupewa utume. Sifa hiyo ndiyo tunayopaswa kuiotesha kwa watoto kabla ya cheti chochote.

Sheria inasemaje juu ya mchezo wenyewe?

Haitupasi kuusifu mchezo bila ya kutaja hitilafu za wanazuoni juu yake. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wameukataza. Imam Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu), ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, ameuona ni makuruhu. Imam Nawawi akabainisha kuwa hugeuka haramu pale unapochezwa kwa kamari au unapompitishia mtu sala. Mwaka 2016 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia wa wakati huo alirejea kauli ya kuuharamisha, kwa hoja ya kupoteza wakati, kamari na uadui. Na mwisho wa mwaka 2017 mji wa Riyadh ukawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka. Hitilafu, basi, ingalipo.

Sisi si watoa fatwa, na kila nyumba imuulize shekhe wake. Lakini mambo mawili hayana mjadala kwa yeyote: dau haliruhusiki, hata liwe la soda au vocha ya simu, na adhana haisubiri mchezo uishe. Mzazi aangalie pia saa za usiku. Zamani mchezaji alilazimika kumtafuta mwenzake. Leo mpinzani yumo ndani ya simu saa zote, halali wala haendi msikitini, na mtoto asiyewekewa mpaka atacheza mpaka alfajiri.

Fikiri kwanza, uliza baadaye

Turudi sasa kwenye swali la mzazi: mtoto ahimizwe kufikiri kwa faida gani? Jibu zuri limetoka India. Desemba 2024, mjini Singapore, kijana Gukesh Dommaraju alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 18, mdogo kuliko mabingwa wote wasiobishaniwa waliomtangulia. Amelelewa katika zama ambazo programu isiyoshindika imo mikononi mwa kila mtoto. Hata hivyo mwalimu wake wa utotoni, Vishnu Prasanna, ameeleza kuwa alimzuia kutumia programu hizo katika miaka ya msingi, mpaka alipofikia daraja la gwiji. Alitaka kijana apime mwenyewe, akosee mwenyewe, na ajue kwa nini amekosea. Mashine aliruhusiwa baadaye, wakati tayari alikuwa na akili ya kuihoji.

Utaratibu huo unafaa nyumbani, awe mtoto anacheza sataranji, anafanya hesabu za shule au anajifunza nahau za Kiarabu. Aufikirie kwanza mchezo wake, atamke kwa ulimi wake kwa nini amesogeza kete hii na si ile, kisha ndipo programu iulizwe. Ikisema kuwa amekosea, asiishie kusoma jibu, bali arudi nyuma kutafuta pale fikra yake ilipopinda. Mzazi asiyejua sataranji hata kidogo anaweza kuisimamia kazi hii, maana anachouliza ni neno moja tu: "Kwa nini?"

Kasparov alipokata tamaa katika ule mchezo wa pili wa New York, njia ya sare ilikuwapo ubaoni. Kilichomfungia mlango ni yakini kwamba mashine haikosei. Vijana wetu wataishi katikati ya mashine nyingi kali kuliko ile, na zitawashinda katika mambo mengi. Tuwafunze kuzitumia bila ya kuziogopa wala kuziabudu, wakijua kuwa wao wataulizwa juu ya akili waliyopewa na jinsi walivyoitumia, na mashine haitaulizwa.

Wabillahi tawfiq.